Uzi wa Kushoto

Jipi, nasema mimi. Jipu, asema Shekue,
kwa kuwa limevimba kutu na lafaa kutumbuliwa.
La mwaka tisini na nne. Nimelinunua kwa Reijo, jirani wa nyumba ya pili,
kwa dola mia nane
na koti lake la baridi nililolitia zipu mpya.

Hapa Sadbari barabara hulishwa chumvi miezi mitano
ili watu wasiteleze,
na magari hulilipa deni lile kwa mifupa.

Juma lililopita, njia ya Skead, mwendo wa sabini,
tairi la mbele likakanyaga kiungo cha daraja
na usukani ukanishika homa mikononi,
ukatetema kama cherehani iliyokosa bobini.
Shekue akakumbatia dashibodi
akatamka shahada kabla ya siku yake.
"Liuze," akasema tuliposimama.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu viungo.

Leo Jumamosi. Mlango wa gereji nusu wazi,
theluji ya mwisho inatona kutoka paani.
Nimelala chali juu ya boksi la friji,
grisi ya mtu mwingine inanidondokea shavuni.
Tunu ameshika kurunzi mkono mmoja, simu mkono wa pili,
na mwanga unafuata macho yake, yaani si kwangu.
"Panda utikise usukani."
Akatikisa.
Huku chini rodi ikaitika salamu nusu:
ncha ya kulia ikasema naam,
ya kushoto ikasema subiri.
Hatari hukaa hapo, ndani ya ile subiri.

Kotapini ilikatika. Nati ilifunguka kwa matusi
(Tunu, hukusikia kitu).
Reijo alinionya: uma utachana buti za mpira,
piga chuma ubavuni, pale kinapokumbatia kiungo.
Nikapiga.
Nikapiga.
Mara ya tisa kikachomoka, puu, kama jino bovu.

Rodi ya zamani, bomba jembamba, imepinda
kama sindano iliyolazimishwa kupenya turubai.
Mpya ni nene kama mchi;
niliipaka rangi jikoni, juu ya magazeti,
tukala mkate siku mbili.

Na uzi, nilidhani naujua uzi.
Miaka kumi na tisa naulamba, naupitisha tunduni,
wa pamba, wa nailoni, wa hariri ya kofia.
Lakini huu umechongwa ndani ya chuma,
ncha moja kulia, ncha moja kushoto,
na robo saa nzima nilikaza kwa kufungua
hadi binti yangu akacheka: "Mama, huo umegeuzwa."

Umegeuzwa.
Zungusha bomba mara moja, ncha zote mbili huingia.
Lirudishe, zote hutoka.
Zimeumbwa kinyume ili ziende pamoja.
Nikatulia kidogo kule chini
nikisikiliza redio ya Shekue juu ya dari,
taarifa ya habari na kikohozi chake.

Kunyoosha magurudumu sikuhitaji fundi.
Utepe wangu wa kushonea, sentimita mia na hamsini,
ulitosha, ukabaki kidole kimoja.
Nyuma ya matairi, kisha mbele ya matairi,
mbele pawe pungufu kwa upana wa pindo la leso.
Pindo nalijua gizani.
Kotapini mpya, grisi kwenye chuchu, jeki chini.

Jioni nikamwita. Akaja na koti, na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa kucha.
Daraja lile lile, sabini ile ile.
Kiungo kikagonga, du-du, kikabaki nyuma.
Hakusema kitu mpaka kwenye taa nyekundu:
"Mbona usukani umekaa upande?"

Umekaa upande, kweli. Rodi ya pili sijaigusa,
ni kazi ya Jumamosi ijayo.
Usukani umepinda, Shekue,
gari ndilo limenyooka.

Akaachia dashibodi, kidole kimoja kimoja.